Mama Mkwe Mmoja Aliyejaza Shamba

Kwa Mwalimu wa Darasa la Jioni la Kutengeneza Mod za Gemu,

Salamu nyingi. Mimi ni mwanafunzi wako wa kiti cha nyuma, yule fundi wa kuchomelea mageti. Naandika kwa heshima zote kulalamika kwamba masomo yako ya kuanzia, ya kuandika skripti za kubadilisha gemu za watu, yamenivunjia nyumba.

1. Ulisema tuanze na kitu kidogo tunachokipenda. Mama mkwe wangu hucheza gemu la shamba kila akitutembelea, nikaona nimfurahishe kwa kumtia humo: afike, asalimie, aondoke. Ukatufundisha amri ya kurudia. Labda ulitaja kwamba lazima iwekewe pa kukomea, lakini hukulitaja kwa sauti ya kufika nyuma. Mama mkwe akafika. Akafika tena. Zamu ya kuondoka haikuwadia kamwe. Chai yangu haijapoa, nje ya nyumba ya humo kwenye gemu pamejaa mama mkwe, kila mmoja na mkoba wake.

2. Ukaja na masharti: kama hivi, basi vile. Nikajaribu kupunguza msongamano kwa busara ya wahenga. Nikaandika: kama mgeni amefikisha siku ya tatu, basi mpe jembe. Ilifanya kazi papo hapo, jambo ambalo nalo nalilalamikia, kwa kuwa skripti zangu nyingine zote hukataa.

3. Mama mkwe mwenyewe alikuwa kwenye kochi, anacheza. Alijiona kundi zima, analima juani. Alivaa viatu akaondoka, na mke wangu akamfuata. Mpaka leo hawajarudi. Nyumba imepooza, Mwalimu, na mimi sina raha.

4. Kwa hiyo naomba uende kwao, pamoja na ubao wako, ukawaeleze kwamba kurudia bila kikomo ni kosa la kila anayeanza, wala si maoni yangu kuhusu mama mkwe. Kuanzia sasa ufundishe kukomesha kwanza, kuanzisha baadaye. Ukikataa, nitalifikisha suala hili wizara ya elimu, na wakinifukuza, wizara ya kilimo, maana majembe yalitumika.

Wasalimie wanafunzi wenzangu wote, na watu wa nyumbani kwako, hasa mama mkwe wako, ambaye nakuomba usimtie kwenye gemu lolote.

Wako mtiifu, isipokuwa kwa hayo manne,
Fundi Mageti

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, mama mkwe amepiga simu. Wingi wake haukumuudhi. Anasema shamba lile lilihitaji watu. Jembe pia hakulikataa, amelima maisha yake yote. Kilichomuuma ni kwamba alifika mara zote zile, na hakuna hata mara moja aliyoambiwa karibu ndani. Nimeisoma skripti yangu juu hadi chini. Mstari huo haumo, na si wewe uliyeusahau. Usiende kwao, Mwalimu. Naenda mwenyewe.