Aliyebomoa Ajenge

Kwa niaba ya Idara ya Ukarabati na Maridhiano, nilipata heshima ya kuutangazia mtaa mpango uliobuniwa na Mheshimiwa Kamishna mwenyewe: kila mwanajeshi ataijenga upya nyumba aliyoibomoa. Vita vimekwisha, na hakuna anayeijua nyumba kama mtu aliyeilenga.

Koplo wa mizinga alikabidhiwa nyumba ya fundi cherehani, mama mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Tangu nyumba ibomolewe alikuwa akilala barazani kwa dada yake.

"Kwa hiyo ni wewe," mama alisema.

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nyumba yangu ilikuwa na vyumba vinne."

Koplo akakohoa. "Mama, niliitazama kwa darubini wiki nzima. Vilikuwa viwili, na choo cha nje."

"Basi huoni vizuri, kijana. Ndiyo maana ulianza na banda la kuku la jirani."

Hoja hiyo ya kitaalamu ikapita. Vikajengwa vinne. Koplo alichanganya zege, akapandisha kuta, akachana suruali akipaua. Mama akamshonea, na alipomrudishia alimwita mwanangu.

Ndipo Mheshimiwa Kamishna alipokuja kuzindua, suti nyeupe, wapiga picha nyuma yake. Alihutubia juu ya uwajibikaji mpaka jua likatukaa utosini. Mama akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, nina swali dogo. Huyu mwanangu alifyatua kwa kupenda kwake?"

Koplo akasimama wima. "Hapana, mama. Kwa amri."

"Ya nani?"

Koplo ni mtu wa nidhamu, akiulizwa hujibu. "Ya Mheshimiwa Kamishna, alipokuwa kamanda wetu. Alituamuru tupige mtaa mzima."

Nilijitahidi kufafanua kwamba, kiutawala, amri si kombora. Hakuna aliyenisikiliza, watu walishaanza kumtafutia Mheshimiwa beleshi. Kamera zilikuwa zinamtazama, na mpango ni wake. Angesema nini? Akavua koti.

Sasa yuko kwa muuza mkaa, nyumba yake ya pili kati ya mtaa mzima anaodaiwa, na mimi, kwa mujibu wa cheo changu, namshikia ndoo. Jana ukuta wake ulipinda kama mkia wa mbwa. Mama fundi cherehani, ambaye mtaa umemteua kuwa msimamizi, akaukagua, akatikisa kichwa.

"Bomoa, mheshimiwa, uanze upya," akasema kwa upole. "Kubomoa tunajua unakuweza."