Maswali Arobaini na Mawili kwa Daktari Deeqa

Jumatatu, 16 Juni
Nimechaguliwa kuwa mtetezi wa ustawi wa madaktari hapa hospitalini Kitengela. Hakuna mwingine aliyetaka. Sijalala vizuri tangu Alhamisi, lakini hiyo si hoja. Daktari Deeqa wa wodi ya watoto ameandika barua ya kuacha kazi. Ataipeleka Ijumaa. Akienda tutabaki wawili, mimi na Daktari Mwololo. Haiwezekani! Nimetunga fomu ya kupima uchovu. Maswali arobaini na mawili.

Jumanne, 17 Juni
Nimemkuta Deeqa kwenye benchi la chumba cha chai, macho amefumba. Nimemgusa bega kwa upole. Swali la kwanza: unapata usingizi wa kutosha? Amesema alikuwa ndio anaupata.

Jumatano, 18 Juni
Kikao cha kutua mizigo ya moyo. Viti kumi na viwili, nimevipanga duara mwenyewe. Amekuja Deeqa tu. Amesinzia kabla sijamaliza utangulizi. Nimemwamsha mara tatu. Mwololo amechungulia mlangoni na kikombe chake. "Daktari wa madaktari! Mgonjwa wako bado ako hai?" Mtu asiye na utafiti wowote. Ana chai tu.

Alhamisi, 19 Juni
Deeqa ametoweka! Nimemtafuta hadi stoo ya mashuka. Muuguzi wetu, Sista Namunyak, akafichua njama: Mwololo amechukua zamu ya Deeqa juu ya yake, akamwambia ajifungie kwenye chumba cha kufungia mifupa plasta, kisichotumika siku hizi. Nimebisha dakika kumi, kitaalamu. Hakufungua. Nimesukuma fomu chini ya mlango. Namunyak amenishika mkono, akaniondoa kama mtoto. "Daktari, hata wewe enda ulale." Kana kwamba tatizo ni mimi.

Ijumaa, 20 Juni
Deeqa alilala masaa sita mfululizo. Leo ameichana barua mbele yetu. Anabaki! Kisha amemshukuru Mwololo. Mwololo! Fomu amenirudishia tupu, haina hata jina. Nimeumia, halafu nikafikiri kwa utulivu. Fomu iliingia jana saa nane. Jioni akatoka mtu mpya. Ushahidi uko wazi: fomu inatibu hata bila kusomwa.

Mwololo amelala sasa hivi mezani, mdomo wazi. Zamu mbili zimemmaliza. Nimeongeza maswali kumi na manane. Naenda kumwamsha.