Daftari Safi la Mgonjwa wa Moyo

Jumatatu, 4 Machi
Kliniki ya moyo. Kila mgonjwa kapewa daftari: andika unachokula, lilete Ijumaa, daktari apime dawa kwa kulitazama. Siku hiyohiyo tunachagua kiongozi wa kikundi cha wagonjwa. Nani kama si mimi? Mkaguzi wa shule miaka thelathini na moja, digrii ukutani! Mpinzani ni Fundi Viatu wa pale kona. Darasa la nne, tena alitoroka. Kamwuliza Sista kama anaweza kuchora, maana kuandika kunampiga chenga. Nilicheka hadi Sista akanitazama.

Jioni mke wangu kaniwekea mboga za kuchemsha, hazina chumvi. Nikamwambia mtu wa digrii hali majani kama sungura. Majirani wakichungulia watasema pensheni imekauka! Nikakaanga soseji nne mwenyewe. Daftarini: "Mboga, gramu mia mbili." Mwandiko safi.

Jumanne, 5 Machi
Somo la lishe. Sista kauliza chumvi hujificha wapi. Mkono wangu juu! Mkate, soseji, jibini, mchuzi wa pakiti. Nilieleza robo saa nzima. Makofi. Fundi Viatu akasema yeye hajui mengi, ila alipoambiwa chumvi itamuua, kopo zima alimpa jirani. Makofi zaidi. Ushamba mtupu.

Kufundisha kunaleta njaa. Mayai matatu ya kukaanga, soseji mbili. Daftarini: "Shayiri. Nusu tufaha."

Alhamisi, 7 Machi
Miguu imevimba, viatu vimegoma. Nikalazimika kumpelekea Fundi avitanue. Badala ya kutazama viatu akatazama miguu. Akauliza, Mwalimu, hiyo chumvi umeiacha kweli? Nikamwambia ashone viatu, miguu aniachie mwenyewe.

Nilichungulia daftari lake. Michoro ya chekechea! Bakuli la maharage, majani, kikombe. Katikati, samaki mkubwa wa kukaanga, mwenye meno. Nikauliza huyu wa nini. Akasema shemeji yake alikaanga, roho ikamshinda. Eti amfiche vipi, na daktari anampimia dawa kwa daftari hilo? Pole yake. Kajimaliza mwenyewe.

Ijumaa, 8 Machi
Daktari kasema hajawahi kuona daftari safi kama langu. Kapima presha: iko juu. Kabonyeza miguu. Basi, akasema, kama chakula ndicho hiki, dawa ndiyo haitoshi. Akaongeza maradufu. Mke wangu, aliyenisindikiza, akakohoa. Nikamkanyaga mguu.

Ilipofika zamu ya Fundi, daktari alimcheka yule samaki, akampongeza kwa ukweli mbele ya watu wote, akampunguzia kidonge kimoja. Mimi gramu nimeandika, yeye kachora meno! Muda ukaisha, uchaguzi ukasogezwa hadi Jumatatu.

Jumapili, 10 Machi
Mke wangu kafunga kabati la jikoni tangu juzi, ufunguo kauning'iniza shingoni. Mboga, mboga, mboga. Dawa mpya nameza zote kwa maji ya bomba, mengine namwachia Mungu. Kichwa chepesi. Hotuba iko tayari, kurasa saba.

Jumatatu, 11 Machi
Nakumbuka "Ndugu wagonjwa wenzangu," kisha sakafu. Aliyenidaka ni Fundi Viatu, eti.

Mke wangu alimwaga yote kwa daktari: soseji, mayai, kabati. Daktari akaniambia polepole, kama anayemfundisha mtoto, kwamba dawa ilipimwa kwa chakula cha kwenye karatasi, nilipoanza kukila kweli presha ikaanguka, na kidogo tu nisiamke. Fundi kachaguliwa bila kupingwa. Mimi nilikuwa kwenye machela.

Jumanne, 12 Machi
Wodini. Mke wangu amelala kwenye kiti, macho yamevimba kuliko miguu yangu. Kabla ya kusinzia alisema hataki kuwa mjane wa msomi. Iliniuma, nakiri.

Kiongozi mpya alikuja kunipa pole. Kaniletea daftari jipya na kalamu za rangi. Akasema, Mwalimu, safari hii chora tu, mchoro haujui kujidai.

Nimetafakari mchana kutwa. Kosa langu nimeliona, tena dogo sana: daftari la kwanza lilikuwa safi mno. Halikuwa na dhambi hata moja! Mkaguzi yeyote angelitilia shaka. Hili litakuwa na samaki mmoja kwa wiki, na majuto pembeni.

Samaki wa kwanza nimeshamchora. Nimempa meno. Mgonjwa wa kitanda cha pili ana kichupa cha chumvi chini ya mto. Nimekiazima mara moja tu.