Kaimu Mgeni Rasmi

Taifa lilitangaziwa rasmi, kwa spika mbili na keki, kwamba Kitengo cha Utambuzi na Ushirikishanaji wa Vituo vya Chaji ya Haraka kimemaliza kuvitambua vituo vyote vya kuchajia magari ya umeme Dar es Salaam.

Vilikuwa kimoja. Kilikuwa Temeke, jirani na mafundi vitanda, na kilikuwa kimefunikwa kitambaa cha bluu.

Msiione ndogo hiyo kazi. Kwanza kamati ilihamia Morogoro wiki nzima kutafuta maana ya neno haraka, ikarudi nayo: haraka ni muda wowote ambao mhusika anaumaliza akiwa hai. Kwa kipimo hicho hata soketi ya saluni moja Mwananyamala ilifuzu, ila mwenye saluni akagoma kuchomoa draya.

Aliyebeba zigo lote alikuwa Wilfred, Kaimu Mratibu Msaidizi wa Kitengo. Alikuwa kakaimu muda mrefu mpaka kadi za harusi zilikuwa zinamjia zimeandikwa "Bw. Kaimu na Mkewe". Mama mkwe wake alidhani ni jina la ukoo. Kitu kimoja tu Wilfred alikuwa anakitaka hapa duniani: kuthibitishwa. Na Mkurugenzi Elibariki alishamwahidi.

"Siku ya uzinduzi, Wilfred, jukwaani, mbele ya mwenyekiti wa bodi, natangaza umethibitishwa. Ishu yako inashughulikiwa haraka."

Wilfred hakuuliza ni haraka ya kabla ya Morogoro au ya baada.

Basi akawa analinda kile kitambaa kama mboni ya jicho, maana mtambo ulikuwa mzima, umeme umeingia, taa ya kijani inawaka kwa ndani. Tatizo lilikuwa moja, na lilikuwa la msingi: haujazinduliwa. Na Mkurugenzi alishaagiza kwamba kituo ambacho hakijazinduliwa na mgeni rasmi hakipo, na kitu ambacho hakipo ni marufuku kushea lokesheni yake.

Somoe, dada wa Tandika anayeendesha teksi ya umeme, alikuwa anakuja kila asubuhi kubishana na mantiki hiyo.

"Kaka Wilfred, mie nachajia nyumbani kwenye soketi ya friji. Nikichomeka usiku, nyama inaoza. Nisaidie robo saa tu."

"Nikusaidie wapi, dada? Hapa hamna kitu."

"Si hiki hapa!"

"Hicho ni kitambaa."

"Na chini ya kitambaa?"

"Chini ya kitambaa," Wilfred alisema kwa upole wa mtumishi wa umma, "kuna matarajio."

Somoe alimwangalia kuanzia kiatu mpaka kipara. "Nyie watu mlisomeaga wapi?"

Siku ikafika. Mahema yakafungwa, soda zikapangwa kwenye barafu, mkasi ukalazwa kwenye sinia na ua. Bi Jesca, mwenyekiti wa bodi, akakaa mbele na feni yake ya mkononi. Akina mama wa ngoma wakiongozwa na Mama Eufrazia walikuwa na sare mpya na wimbo mpya, wa kumsifu Mkurugenzi kwa mwendo wake. Nyuma kabisa magari ya umeme yalikuwa yamejipanga foleni, la Somoe mbele, betri ikiwa imebaki pumzi.

Mgeni rasmi tu, Mkurugenzi mwenyewe, ndo hakuwepo. Alikuwa kalala shambani kwake Pugu kukagua kuku, na kwa mujibu wa ratiba alitakiwa awasili na gari lake jipya la umeme, kama mfano kwa jamii. Saa ya kuwasili ikapita. Barafu ikawa maji. Simu ya Wilfred ikaita.

"Wilfred, gari limezima. Niko Tazara, katikati ya barabara, watu wananipigia honi kama mbuzi. Nitumie lokesheni ya kituo cha karibu. Haraka!"

Wilfred akasimama wima. "Mkuu, hakipo."

"Hakipo vipi? Si hicho hapo Temeke?"

"Hicho hakijazinduliwa, Mkuu. Kwa agizo lako hakipo."

"Basi lete nyaya, lete chochote, mnichaji nije nikizindue!"

"Tukuchaji na kituo gani, Mkuu?"

Honi. Mtu kwa mbali alisikika akisema, "Mzee, sogeza friji lako hilo!"

"Sikiliza," Mkurugenzi akasema. "Bi Jesca yupo hapo. Uzinduzi usiahirishwe. Ofisi yangu inakaimiwa kila kiti, mtashindwaje hiki? Weka kaimu mgeni ra..."

Simu ikakata. Alikuwa anaichajia kwenye gari.

Wilfred alibaki na sikio limeloa jasho. Uzinduzi ukifa, na kuthibitishwa kwake kumekufa. Akaishika ratiba, akaisoma kwa macho ya mtu anayezama: mgeni rasmi atawasili kwa gari la umeme. Akageuka nyuma kuangalia nani kawasili kwa gari la umeme, akaanza na wa mbele.

"Mabibi na mabwana," alitangaza kwenye spika, "naomba tusimame kumpokea Kaimu Mgeni Rasmi."

Somoe alimwachia funguo dereva wa nyuma yake, akafika jukwaani na kandambili. Akauchukua mkasi, akalitoa lile ua akampa Bi Jesca, akakata utepe. Watu wakasubiri hotuba.

"Nimezindua," Somoe akasema. "Funguo za gari langu nani anazo?"

Bi Jesca alipiga makofi mpaka feni ikadondoka. Alisema tangu aingie kwenye bodi hajawahi kusikia hotuba yenye kiini kama ile. Kitambaa kikavutwa, waya ukachomekwa, na gari la Somoe likaanza kunywa umeme. Kituo kikawepo.

Wilfred, akiwa sasa kisheria anaruhusiwa, akashea lokesheni kwa Mkurugenzi. Haikupokelewa. Ikabidi Mama Eufrazia na kikundi chake wapelekwe Tazara kwa lori la Kanta.

Kilichorudi kilisikika kabla hakijaonekana. Akina mama wa ngoma walikuwa wanalisukuma gari la Mkurugenzi, vilemba vimelegea, na kwa kuwa wimbo waliofundishwa ulikuwa mmoja, waliuimba huo huo:

"Baba mwendo kasi, nani atakukamata!"

Kumkamata, walikuwa wameshamkamata. Kuku mmoja wa shambani alichungulia dirishani.

Mkurugenzi akateremka shati limemgandia mgongoni, akaelekea moja kwa moja kwenye mtambo.

"Shikamoo baba," Somoe akamwambia. "Foleni inaanzia kule."

"Binti, unanijua mie nani?"

"Nakujua, baba. Si huyu hapa?" Akamwonyesha bango lenye sura ya Mkurugenzi akitabasamu, na chini yake maneno aliyoyachagua mwenyewe: Tushirikishane, Kwenye Chaji Hakuna Mkubwa.

Mkurugenzi alimgeukia Wilfred. Wilfred alikuwa anaangalia soda.

Akaenda nyuma, akakaa kwenye ndoo na kuku wake mapajani. Bi Jesca akaomba kalamu.

Jumatatu bodi ikatoa uamuzi. Kwa kuwa siku ambayo Mkurugenzi hakupatikana ndiyo siku pekee ofisi ilifanya kazi, ilionekana ni busara kuuendeleza utaratibu huo. Wilfred akapandishwa juu: Kaimu Mkurugenzi. Mama mkwe alipopigiwa alisema si ndo jina lake siku zote, sherehe ya nini. Na kile kiti chake cha zamani, cha Kaimu Mratibu Msaidizi, chenye mguu uliofungwa kamba, akapewa Elibariki, mpaka hapo atakapothibitishwa.

Mchana Elibariki akabisha hodi kwenye mlango uliokuwa wake.

"Samahani, Mkuu. Hii ya kuthibitishwa... huwa inachukua muda gani?"

Wilfred alimtazama kwa huruma ya kweli kabisa.

"Haraka," akamwambia. "Afya yako lakini ikoje?"