Sifa za Mama Asilimia

Chuo kilipotangaza kwamba hakuna atakayechagua siku ya mtihani mtandaoni kabla ya kujaza tathmini ya wahadhiri wake wote, wanafunzi walinuna, wahadhiri wakakosa raha, na Profesa akanawa mikono. Wenzake waliona usumbufu; yeye aliona chakula kimepakuliwa.

Profesa hakuwa profesa, ila mdomo wake ulikuwa umehitimu zamani. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, na mwaka huo ulikataa kwisha kwa sababu ya somo la takwimu, lililokwisha kumwangusha mara mbili. Akianguka tena, chuo kingemwonyesha geti. Shangazi yake mshonaji, aliyemsomesha kwa kushona sare za watoto wa watu hadi macho yakaanza kumsumbua, alikuwa ameshaalika ndugu kwenye mahafali. Jambo hilo lilimnyima Profesa usingizi, ingawa halikumfanya afungue daftari.

Akajikalisha kwenye kibanda cha fotokopi nje ya geti na kueneza habari kuwa anajaza tathmini kwa niaba ya wenye shughuli nyingi. Uvivu hauna aibu: walipanga foleni, wakamtajia maneno yao ya siri kwa sauti, mbele ya kila aliyekuja kutoa kopi. Profesa akawajazia, akawachagulia na siku za mtihani, akachukua chake.

Mfanyabiashara mdogo angeridhika hapo. Profesa aliwaza kwamba ng'ombe aliyekwisha kukamuliwa bado ana ngozi. Akaenda kubisha kwa Mama Asilimia, mhadhiri wa takwimu.

Mama huyu aliutamani ukuu wa idara kama mgonjwa anavyotamani uji, lakini kila muhula wanafunzi walimwandikia maneno ambayo hata mke mwenza hamwandikii mwenzake. Profesa aliketi bila kukaribishwa, akamsikitikia kwa adabu, akaeleza kwamba safari hii kalamu ya darasa zima iko mfukoni mwake. Mama alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Na wewe unataka nini, mwanangu?"

"Maswali yako ya mtihani tu, mama. Mapema kidogo."

Mama alipangapanga karatasi za mezani ili asionekane mwepesi. Kisha akasema kwamba yeye akiahidi hutimiza, ila chake kitangulie.

Profesa aliingia kazini kwa moyo mmoja, na tuseme ukweli, hakuna kazi ya shule aliyowahi kuifanya kwa bidii kama ile. Kwa jina la mmoja aliandika kwamba mama huyu hufundisha hata akikohoa. Kwa jina la mwingine, kwamba tangu amsikilize ameacha ulevi. Msichana mmoja, ambaye hakuwahi kukanyaga darasani, alimshukuru kwa kuokoa ndoa ya wazazi wake. Wakubwa wa chuo walisoma, wakafuta machozi, na kabla ya mitihani kuanza Mama Asilimia alikuwa mkuu wa idara mwenye ofisi ya zulia.

Alimwita Profesa huko huko kwenye zulia, akamkabidhi maswali bila maneno mengi. Profesa akamtafuta mwenzake mwenye akili za hesabu, akafanyiwa majibu, akayakariri kama mtoto anayekariri dua. Shangazi alipopiga simu kuuliza habari za masomo, alimwambia ashone gauni la mahafali, na lisiwe la bei rahisi.

Siku zile kila mwanafunzi alipata tangazo kwenye akaunti yake ya chuo, wakalisoma na kulia. Profesa hakulisoma. Alikuwa ameshinda kwenye akaunti za watu kiasi kwamba yake mwenyewe aliisahau, na tena, nani hupoteza muda kwa matangazo ya somo alilokwisha kulimeza?

Akaingia chumba cha mtihani anatabasamu, akawatakia kheri walio karibu. Karatasi ikagawiwa. Akaisoma, akaigeuza, akaitazama nyuma, akairudia mbele. Hakukuta swali hata moja analolijua. Alilolifikiria kwanza, tumpe haki yake, ni yale macho ya shangazi.

Mama Asilimia alikuwa akipita kukagua vyumba, kama inavyompasa mkuu wa idara. Profesa akanyoosha mkono. Mama akaja, akainama karibu na sikio lake.

"Mama, haya siyo."

"Najua. Mimi nilikuahidi maswali yangu, nikakupa. Haya ni ya Bwana Msumari, mhadhiri mwenzangu. Mkuu wa idara ana kazi nyingi, somo nilimwachia yeye siku ile ile niliyopandishwa, na tangazo likatumwa kwenye akaunti zenu."

"Kabla hujanipa yale?"

"Kabla hata sijakuita."

Profesa akatazama huku na huku chumbani. Angeshtaki kwa nani? Aliyeibiwa mali ya wizi hapigi yowe.

"Tena nakushukuru, mwanangu," mama alisema, huku akimpigapiga begani. "Hakuna aliyewahi kunisifu namna ile."

Akaondoka taratibu. Profesa akashika kalamu, akajibu pale alipoweza. Aliandika jina lake.