Taarifa Imo Kwenye Folda

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi ya neema! Nimefika kazini roho juu, nikakuta vilio kila meza. Mwishoni mwa wiki seva imebadilishwa, ikawekwa mpya, na sasa folda ya pamoja, tunamoweka kazi zetu zote, haifunguki. Kila anayeibofya anajibiwa: Huna ruhusa. Hata Bosi mwenyewe! Nusura niibusu kompyuta.

Maana leo ndiyo ilikuwa siku ya kukabidhi taarifa ya samani. Mimi nihesabu ghorofa ya juu, Mama Faili wa masjala ghorofa ya chini. Atakayefanya vizuri anapewa ukuu wa ghala, pamoja na chumba chake chenye mlango. Tulipewa miezi miwili. Mpaka sasa nina kichwa cha habari.

Bosi aliponiuliza, nikamwambia iko tayari tangu Alhamisi, imo kwenye folda. Akanipa pole. Mama Faili aliweka yake mezani, imechapishwa, nakala mbili. Nani anachapisha siku hizi? Kujipendekeza tu.

Sina pa kurudi. Mama mkwe ameshaanza kuniita Mkuu wa Ghala mbele ya majirani. Nilimwambia mapema ili azoee.

Jumanne, 4 Machi

Fundi aliyeletwa ni Shemeji! Mdogo wake mke wangu, damu yetu kabisa. Nilimvuta kando karibu na mtungi wa maji nikamwomba aende polepole, wiki mbili hivi. Akasema, shemeji, kazi ni kazi, Alhamisi watu watakuwa wanafungua. Huyu ndiye niliyemsimamia harusi yake.

Tatizo, anasema, ni kwamba ruhusa za zamani hazikuhamia kwenye seva mpya. Inatakiwa orodha ya nani afungue nini. Nikajitolea kuiandika mimi! Bosi akanimwagia sifa mbele ya wote: mtu aliyepoteza taarifa yake, bado anahangaikia wenzake. Mama Faili alinitazama juu ya miwani. Simpendi anavyotazama.

Jumatano, 5 Machi

Orodha imekamilika. Kila jina lina visanduku viwili, Ruhusu na Kataza. Mimi nimejipa Ruhusu kila mahali. Kisha kuna kundi linaloitwa Watumishi Wote. Hapo nikatia Kataza. Kufuli safi! Wenzangu wabaki nje wakigonga, mimi niwe ndani nikiandika kwa nafasi. Bosi akasaini bila kusoma. Shemeji aliuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwambia asinifundishe kazi ofisini kwangu.

Mchana kutwa nimehesabu viti. Kazi ngumu! Watu hawatulii. Unahesabu kiti cha mhasibu, ukigeuka ameshakihamishia dirishani. Nimewaomba wainuke, wamenicheka. Hata hivyo nimepata viti mia mbili na kumi na viwili. Vinaonekana vingi, lakini vingi ni vizuri zaidi.

Alhamisi, 6 Machi

Kutwa sijakaa kitini. Asubuhi Shemeji alinifungulia folda mimi peke yangu, kwa majaribio. Saa tano nikaiweka taarifa ndani, kurasa nne, nzuri ajabu. Nikaifuta kwenye kompyuta yangu na kuchanachana karatasi zote nilizohesabia, nisiache ushahidi. Saa sita Shemeji akaingiza orodha yangu, akabeba mkoba wake, akaenda ofisi nyingine.

Saa sita na robo nikabofya. Huna ruhusa.

Mimi! Nikampigia Shemeji. Akaniuliza kwa upole kama mimi si mtumishi. Nikasema ni mtumishi. Basi, akasema, nimo kwenye Watumishi Wote, na penye Kataza, Ruhusu haifui dafu. Kwamba alitaka kunieleza jana. Anarudi kesho.

Nikakimbilia kwa Bosi, nikaapa kwamba taarifa imo humo, haki ya Mungu imo. Akasema nimekuwa nikisema hivyo tangu Jumatatu. Wiki nzima nimesema kweli mara moja, na ndiyo mara aliyoniangalia vibaya. Imeniuma.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji ameifungua folda chumba cha mikutano, ukutani, mbele ya wote. Taarifa yangu hiyo hapo! Niliruka. Nikamwambia Mama Faili, unaona?

Ndipo Shemeji, kwa moyo wake mweupe, akasoma kwa sauti kila kilichoandikwa pembeni, pamoja na siku faili lilipoundwa: Alhamisi. Nikapaza sauti kwamba ndivyo nilivyosema tangu mwanzo, Alhamisi! Mama Faili akaomba tarehe. Tarehe sita. Jana.

Halafu Mama Faili akatoa karatasi mkobani mwake. Ghorofa yangu nayo alikuwa ameihesabu, kwa tahadhari tu. Viti mia moja themanini na saba. Vya chumba cha mikutano nimevihesabu mara mbili, na cha mhasibu mara tatu.

Ghala ni lake. Mimi nimetakiwa kuleta barua ya kujieleza, Jumatatu saa tatu.

Nyumbani Shemeji alikuwa ameshamweleza dada yake. Mke wangu akaniwekea chakula tu. Nimeona haya kweli. Mama mkwe alipiga simu kumuulizia Mkuu wa Ghala. Nikasema yuko bafuni.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika harakaharaka, mezani. Wikiendi nilikuwa na mawazo mengi, barua sikuigusa. Saa tatu kamili Bosi ameniuliza iko wapi. Kabla sijafikiri nikamsikia mtu akisema iko tayari tangu Jumamosi, imo kwenye folda. Mtu huyo ni mimi.

Akageukia kompyuta yake, akabofya. Folda ilifunguka papo hapo. Shemeji ni fundi hodari, siwezi kumnyima haki yake.

Nikasema basi itakuwa imebaki kwenye seva ya zamani. Bosi akauliza iko wapi. Ghalani, nikajibu. Amemwagiza Mama Faili aende na ufunguo, na Shemeji yuko njiani kuja kuiwasha.

Nina kama nusu saa. Si haba. Kichwa cha barua ninacho tayari.