Mashine ya Bi Mwasiti na Tabibu wa Neva

Gervasi aliiona propela kabla hajamwona mwenye nyumba. Ilikuwa imechungulia chini ya turubai la bluu, kwenye ua mmoja wa Ujiji, na jua la saa nne asubuhi lilikuwa limeipiga ikang'aa kama jino la dhahabu. Gervasi akasimama. Moyo wake, ambao kwa kawaida ulikuwa mvivu kama mwenyewe, ukadunda mara mbili. Mashine ya boti! Imelala uani kama mbuzi asiye na mchungaji.

Hapa inatubidi, kwa heshima zote, tumweleze mtu huyu. Kule Kibirizi, kwenye mwalo wanakotia nanga wavuvi, Gervasi alikuwa na boti. Jinsi alivyoipata si habari ya leo, na mwenye boti wa kwanza mpaka sasa hapendi izungumzwe mbele ya wageni. Boti ilikuwa na rangi mpya. Ilikuwa na jina ubavuni, TULIA UONE. Haikuwa na mashine. Ilikaa mchangani kama sanduku, na kuku wa jirani walikuwa wameanza kutaga ndani yake. Na Gervasi tangu utotoni alikuwa na ndoto moja tu: kuwa mwenye boti, yule bwana anayekaa kwenye kiti cha plastiki pale mwaloni na kuwauliza wavuvi wanaporudi wamelowa mpaka masikioni, "Vipi, dagaa wamo?" Kiti alikuwa ameshanunua.

Alipobisha hodi, aliyetokea mlangoni alikuwa Bi Mwasiti, mjane, muuza mawese. Alitokea kwa awamu. Kwanza mkono ulioshika fremu ya mlango, kisha mguu mmoja, kisha sura iliyokunjamana, na mwisho kabisa ule mguu wa pili, ukiburutwa kama mtoto asiyetaka shule.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kama umeleta tena dawa ya panya, ondoka nayo. Wangu wamenenepa tangu uniuzie."

Ilikuwa kweli. Gervasi alikuwa amesahau kwamba mwezi uliopita alipita mtaa huohuo na unga wa muhogo alioutia rangi. Lakini mtu wa kazi yake hapotezi muda kuona aibu.

"Ile ilikuwa sadaka tu, Bibi. Kazi yangu hasa ni neva." Akautazama ule mguu kwa huzuni ya kitaalamu. "Maumivu yanaanzia hapa kalioni. Yanashuka nyuma ya paja. Yanapita kwenye msuli wa nyuma wa mguu, yanaishia kidole kidogo. Ukikaa, moto. Ukikohoa, radi."

Bi Mwasiti akamkazia macho. "Nani kakwambia?"

"Neva yako yenyewe. Inaitwa sayatika."

(Aliyemwambia alikuwa abiria mmoja mnene, kwenye bajaji ya kutoka Mwandiga, aliyeyasimulia yote hayo kwa simu mpaka Gungu.)

"Nimehangaika nayo miezi mitatu," Bi Mwasiti akasema kwa sauti iliyoshuka. "Madumu ya mawese siwezi kubeba. Kuni siwezi. Hata kuswali, naswali nimekaa, na kukaa kwenyewe ndiko kunakoniua. Nini kinaisababisha?"

Gervasi akageuza shingo polepole kuelekea uani, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa polisi.

"Bibi, pale chini ya turubai pana nini?"

"Mashine ya marehemu mume wangu."

"Ya chuma?"

"Sasa mashine ya boti itakuwa ya ugali?"

"Basi nimeshajua." Akakuna kidevu. "Chuma kile kimekaa muda mrefu mpaka kimegeuka sumaku. Na neva, Bibi, inapitisha umeme. Sumaku na umeme vikiwa nyumba moja..."

"Vinagombana?"

"Afadhali vingegombana! Vinapendana. Neva yako inataka kutoka mguuni iende kwa mashine. Wewe unaivuta huku, mashine inaivuta kule. Ndiyo maana inauma kwa urefu."

Macho ya Bi Mwasiti yalitoka mguuni mpaka kwenye turubai polepole, kuku akawahi kuvuka ua. Gervasi alijua macho ya namna hiyo. Ndiyo macho ya mtu anayeanza kuamini.

"Kwa hiyo iondoke," akasema Bi Mwasiti.

"Leo hii. Mimi mwenyewe nitaibeba, nikaiweke mbali, bure kabisa."

"Hapana, mwanangu. Na ikiondoka nisipone?" Akachomoa sindano ya kushonea kwenye pindo la kanga yake, akaidondosha sakafuni. "Nitibu kwanza. Siku nitakayoinama nikaiokota hii sindano bila kumwita marehemu mama yangu, siku hiyo mashine ni yako. Tena nitakusukumia toroli."

Gervasi akaitazama sindano, akaitazama propela. Akakubali.

Ndivyo tapeli alivyojikuta katika hali ya fedheha kuliko zote zinazoweza kumpata tapeli: alihitaji dawa ya kweli.

Kesho yake aliingia hospitali moja mjini Kigoma akichechemea, akaketi mbele ya Winfrida, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mwenye sauti ya upole na vidole visivyo na upole hata chembe. Winfrida akamlaza, akamnyanyua mguu, akambonyeza kalio.

"Inauma hapa?"

"Mno!"

"Na hapa?"

"Hapo ndipo kabisa!"

"Kaka, hicho ni kisigino cha mguu usioumwa. Umeingia unachechemea kushoto."

"Imehama, dada. Neva zangu hazitulii."

Winfrida alikwishaona wengi: watoro wa kazi, watoro wa jeshi, hata mume aliyekuwa akitoroka harusi ya shemeji yake. Alichukua karatasi, akamchorea vikatuni vinne na kumweleza kila kimoja. Cha kwanza, ulale chali, uvute goti moja mpaka kifuani, uhesabu thelathini taratibu, ubadilishe. Cha pili, kifundo cha mguu kipande juu ya goti la pili, miguu ifanye umbo la namba nne, kisha uvute paja mpaka kalio lihisi linanyooka. Cha tatu, ulale chali magoti yamekunjwa, uinue kiuno kama daraja, ushushe. Cha nne kilikuwa mtu anayeokota kitu: magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, mzigo karibu na tumbo.

"Mgonjwa atembee kidogo kila siku," Winfrida akasema. "Asikae kwenye kiti muda mrefu. Zoezi likizidisha maumivu ya mguu, aache. Mguu ukifa ganzi au ukikosa nguvu, au mkojo ukimponyoka, aje hapa mbio, asingoje. Na hili nimeliandika kwa herufi kubwa: asinyanyue vitu vizito."

Gervasi alitoka akichechemea kulia.

Siku ya kwanza Bi Mwasiti alilala kwenye mkeka akapiga kelele hata kabla goti halijasogea. Siku ya pili alimlaani Gervasi, sumaku, na aliyevumbua magoti. Siku ya tatu alilala namba nne mpaka hesabu ya thelathini, akanyamaza, akasema kwa mshangao, "Hee." Gervasi naye alishangaa kuliko yeye. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuuza kitu kikafanya kazi.

Tatizo lilikuwa ile karatasi.

"Isome tena," Bi Mwasiti alimwambia siku ya nne, akiwa amelala chali kama malkia. "Pale pa mwisho."

"Mgonjwa asinyanyue vitu vizito."

"Ahaa. Sasa madumu sita ya mawese yamefika stendi. Mgonjwa asinyanyue. Atanyanyua nani?"

Gervasi akayafuata madumu. Siku ya tano alipasua kuni. Siku ya saba alichota maji, kwa kuwa bomba la mtaa lilikuwa limekauka na kisima kilikuwa mbali kwa makusudi. Alitwanga pilipili. Alibeba gunia la muhogo mkavu, akalirudisha kwa sababu halikuwa lile. Kila alipotaka kupumua, sauti ilitoka mkekani, "Tabibu, hebu nisomee pale pa vitu vizito, nimesahau," naye akasoma, akajisikia anajihukumu kwa kinywa chake mwenyewe.

Kila jioni alimwekea sindano sakafuni. Kila jioni Bi Mwasiti aliinama nusu, akatetemeka, akamwita marehemu mama yake, na bibi yake pia.

"Bado, mwanangu. Lakini naona mwanga. Kesho lete lile banzi la mninga kutoka kwa fundi, tuone."

Siku ya ishirini Gervasi alikwenda mwaloni akakuta kuku wameangua. Vifaranga tisa ndani ya TULIA UONE, na mvuvi mmoja akamuuliza kama sasa anafuga au anavua. Watu walicheka kutoka mwanzo wa mwalo mpaka mwisho. Hilo lilimuuma kuliko neva ya mtu yeyote.

Kwa hiyo siku ya ishirini na mbili, saa tisa alasiri, Bi Mwasiti alipojitanda kanga na kusema, "Naenda kumjulia hali Yusra hapo nyumba ya pili, nilindie," Gervasi alimsindikiza kwa macho. Alimwona akiburuza mguu mpaka kona. Kisha akavuta toroli.

Akafunua turubai. Mfuniko mweusi, shafti, propela. Mali tupu! Akafikiria kiti chake cha plastiki. Akasimama miguu imenyooka kama fito, akainama kwa mgongo uliopinda kama ndoano, akaikumbatia mashine mbali na tumbo kwa kuogopa kuchafua shati, akajipindua kuelekea kwenye toroli. Kwa kifupi, alifanya kinyume cha kila kitu ambacho Winfrida alikuwa amekichora.

Kitu kikalia kiunoni. Ta!

Moto ukaanzia kalioni. Ukashuka nyuma ya paja, ukapita kwenye msuli wa mguu, ukaishia kidole kidogo, hatua kwa hatua, kama alivyokuwa ameueleza mwenyewe mlangoni. Alibaki amepiga magoti na viganja chini, akiitazama ardhi ya Ujiji kwa ukaribu ambao hakuwahi kuuomba.

"Mama yangu wee!"

"Basi hujapona," ikasema sauti nyuma yake.

Bi Mwasiti alikuwa amesimama kwenye lango. Alitembea kuja kwake kwa miguu miwili iliyo sawa, mwendo wa mtu anayekwenda harusini. Alipita pembeni yake, akaingia barazani, akakunja magoti, mgongo umenyooka, kama mchoro wa nne wenyewe. Akaokota sindano. Akainuka bila kumtaja mama yake wala mama wa mtu yeyote, akaichomeka kwenye pindo la kanga.

"Umepona lini?" Gervasi akauliza ardhi.

"Siku ya sita."

"Leo ni ya ishirini na mbili!"

"Kuni zilikuwa nyingi, mwanangu."

"Basi... basi mashine ni yangu. Tulikubaliana!"

"Ni yako kabisa. Chukua." Akaugonga mfuniko kwa ufunguo wa stoo. Haukulia kama chuma chenye kitu cha maana ndani. Akaufungua. Ndani palikuwa na mawe ya ziwani, makubwa kwa madogo, na nusu ya kinu kilichovunjika. "Ya ukweli iko majini mwaka wa tatu huu, mkwe wangu anavulia. Huu ni mfuniko na propela ya nyingine iliyoungua zamani. Nimeuweka hapo kwa ajili ya wageni."

"Wageni gani?"

"Aa, wapo wengi." Akaelekeza kwa kidevu. "Ukuta ule kajenga mposaji mmoja kutoka Mwandiga, alinipenda ghafla alipoiona propela. Choo kachimba nabii. Alisema kuna joka chini ya mashine linalonizibia riziki. Nikamwambia achimbe alifuate, ila aanzie kule kwenye kona, joka lina mkia mrefu." Akainama, kwa magoti, akamshika Gervasi chini ya kwapa. "Lakini wewe nitakuheshimu mpaka kufa. Wote hao walinidanganya. Wewe peke yako ulidanganya ukanitibu. Twende mkekani, taratibu."

Alimlaza. Alimpa ugali na samaki wa mgebuka wa kuchoma, akampa na karatasi yake mwenyewe. Kiti hakikuwezekana, kila alipokaa dakika tano, moto. Akalala chali, siku hadi siku, akivuta goti kifuani, na Bi Mwasiti akimhesabia kwa mwendo wa kobe. "Kumi na moja... ngoja nikoroge mboga... kumi na moja na kitu..."

Siku ya tano tangu aumie, Gervasi akiwa amefunga namba nne, akasikia hodi. Akaingia kijana mtanashati mwenye tai na faili, viatu vimeng'arishwa, tabasamu limeng'arishwa zaidi. Alijitambulisha kuwa anaitwa Bonaventura, afisa ukaguzi wa usalama wa mashine za majini. Alipokuwa akisema "usalama" macho yake yalikuwa uani.

Gervasi aliyatambua macho yale. Aliyaona kwenye kioo kila asubuhi alipokuwa akinyoa ndevu. Akamwonea huruma ndugu yake wa kazi, huruma ya kweli, akafungua kinywa amwambie, kaka, kimbia.

Bi Mwasiti akamnong'oneza, "Stendi kuna madumu kumi na mawili leo. Nilikuwa nasema tukungoje wewe upate nafuu."

Gervasi akafunga kinywa. Akauvuta mguu wake kifuani, akafikiri mpaka hesabu ya thelathini.

"Karibu sana, afisa," akasema, akimtolea tabasamu kutoka mkekani. "Umekuja wakati mzuri. Ile mashine haijatembea hata mara mbili. Ila Bibi hapa mgongo unamsumbua, haruhusiwi kunyanyua kitu."

Bi Mwasiti akashika kiuno, akamwita marehemu mama yake.